Mkwaju Kati ya Majina

Novemba 2009, vijana 13 waliingia vichochoro vya Kibera na vifaa vidogo vya GPS mkononi. Kila mmoja alitoka kijiji chake: kuna wa Kianda, wa Gatwekera, wa Lindi, wa Laini Saba, wa Silanga. Walikuwa wameitwa na mradi uliozaliwa mwezi mmoja tu kabla, Map Kibera, ulioanzishwa na Wamarekani wawili, Erica Hagen na Mikel Maron. Kazi yenyewe ilikuwa kutembea. Kila hatua chache kifaa kiliandika latitudo na longitudo; kazi ya siku ikiisha, faili lilinakiliwa kwenye kompyuta, likafunguliwa katika programu ya JOSM, na ule msururu wa vitone ukageuka kichochoro, choo, bomba la maji, kanisa, zahanati. Kabla ya hapo, ukifungua ramani za intaneti, Kibera ilikuwa doa tupu karibu na Bwawa la Nairobi.

Mwezi huohuo, tarehe 10, kampuni ya Google ilitangaza lugha mpya ya programu, Go. Watunzi wake walikuwa Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson. Ndani ya maktaba sanifu ya lugha hiyo, yaani lile ghala la vifaa ambalo kila mtayarishaji programu hulikuta tayari, kulikuwa na kifurushi kidogo kiitwacho path. Kazi yake ni kushika njia za mafaili: kuziunga, kuzigawa, kuzisafisha.

Vijana wa Kibera hawakuwajua watunzi wa Go, wala watunzi wa Go hawakuwajua vijana wa Kibera. Lakini walikuwa wamekalia swali moja. Mahali panatajwaje ili mtu mwingine apafikie? Na pale jina lililoandikwa linapotofautiana na ardhi yenyewe, tuamini kipi? Nimeifuata historia ya swali hili kwa muda, na naona ni vigumu kuieleza kwa njia nzuri kuliko ya kusimama katika mitaa hii miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, kwa sababu hapa pande zote mbili za swali zimekaa jirani.

Tuanze Kawangware. Eneo lile lilikuwa mashamba ya Wakikuyu wa Dagoretti, na mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa wakati wa uhuru, likaingizwa mjini. Mashamba yalikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na karatasi. Chini ya Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, kila kipande kilipewa jina la kwenda kwa ngazi: eneo la usajili kwanza, halafu nambari ya kipande. Ndiyo maana ukishika hatimiliki ya ploti ya sehemu zile iliyotolewa chini ya sheria hiyo utasoma Dagoretti/Riruta/ ikifuatwa na nambari. Tazama ule mkwaju kati ya majina. Unasema: shuka Dagoretti, ndani yake ingia Riruta, ndani ya Riruta tafuta nambari hii. Ni njia inayoanzia kwenye shina, haijali msomaji amesimama wapi. Awe Mombasa au Muscat, jina litamfikisha kwenye kipande kilekile cha udongo.

Sasa shuka Kawangware uulize mtu kwa nambari ya ploti. Hakuna atakayekuelewa. Utaambiwa: teremka 46, rudi nyuma kidogo, ingia pale kwa wauza makaa, hesabu geti la tatu. Mtaa umejiita kwa nambari za matatu zinazoufikia. 46 na 56 ni mahali, si magari tu. Maelekezo ya namna hiyo yana maana kwa aliyekwisha kushuka 46. Kwa mwingine ni maneno tu. Ni njia ya kutoka hapo ulipo, na bila hapo ulipo haipo.

Kibera nayo haikuwa na ule mkwaju hata mmoja. Jina lake latoka Kinubi, kibra, msitu. Wanajeshi Wanubi wa King's African Rifles waliwekwa pale, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Wajukuu wa wanajeshi hao waliishi karne nzima juu ya ardhi ambayo vitabuni ilikuwa ya serikali. Ni mwaka 2017 tu jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hatimiliki ya pamoja ya ekari 288. Waliokuja baadaye na kupanga vyumba vya mabati hawakuwa na chochote cha kuanzia kwenye shina. Anwani yao yote ilikuwa ya kutoka hapo ulipo: Olympic, DC, Makina, vuka reli, teremka. Na majina yenyewe yanarudiwa. Kisumu Ndogo iko Kibera, nyingine iko Malindi. Soweto iko Kibera, tena mashariki na magharibi, na iko Kayole. Jina la mwisho likikatwa kutoka kwenye njia yake, halikutambulishi.

Kompyuta zilipitia hali hii kabla hazijapata njia. Mwaka 1965 Robert Daley na Peter Neumann walichapisha mpango wa mfumo wa mafaili wa Multics, na humo wakaeleza mti: saraka ndani ya saraka, na kila faili likitajwa kwa msururu wa majina tangu shina. Katika Multics alama ya kutenganisha majina ilikuwa mshale, >, na wa kurudi juu ulikuwa <. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza mfumo wa uendeshaji wa Unix juu ya mashine ndogo ya PDP-7. Watu wengi hudhani Unix ilizaliwa na mkwaju wake. La. Ile ya kwanza ilikuwa na saraka, lakini haikuwa na njia. Ulihamia saraka moja, ukasimama humo, ukataja jina. Kufika mbali ilibidi uhame tena, hatua kwa hatua, kama mgeni anayeuliza kila kona. Njia zenye mkwaju zilikuja Unix ilipohamishiwa PDP-11, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na pamoja nazo zikatulia zile nukta mbili zinazofuatana, ambazo watayarishaji programu huzisema doti-doti: rudi juu, kwa mzazi.

Kuhusu Microsoft nitapita haraka. DOS ya kwanza, 1981, haikuwa na saraka, na mkwaju ulikuwa umeshachukuliwa na kazi nyingine, kutanguliza maagizo ya amri. DOS 2.0 ilipoleta saraka mwaka 1983, ilibidi watumie mkwaju ulioegemea upande wa pili. Macintosh nayo ikatumia nuktambili. Kwa hiyo yeyote aliyeandika maktaba ya lugha ya programu baada ya hapo alirithi dunia tatu zisizokubaliana hata juu ya alama ya kutenganisha majina.

Hilo lilikuwa tatizo dogo. Kubwa lilikuja mwaka uleule wa 1983, ndani ya Unix ya Berkeley, toleo la 4.2. Walileta kiungo: faili dogo ambalo ndani yake kuna njia ya mahali pengine tu. Ukilipitia, linakutupa huko. Manufaa yake yalikuwa makubwa, na doti-doti ikaharibika siku hiyo.

Acha nionyeshe kwa Kibera. Tuseme ndani ya saraka Lindi kuna kiungo kiitwacho zahanati, na kiungo hicho kinakupeleka Makina/afya. Sasa andika Lindi/zahanati/.. na uulize: niko wapi? Anayesoma maandishi atasema uko Lindi. Umeingia zahanati, umetoka, umerudi Lindi. Aliyetembea kwa miguu atasema uko Makina, kwa sababu mlango wa zahanati ulifungukia Makina, na ukitoka nje ndipo unapojikuta. Wote wawili ni wakweli. Mmoja ameamini karatasi, mwingine ameamini ardhi.

Rob Pike aliandika juu ya jambo hili mwaka 2000, katika makala yake ya kurekebisha doti-doti kwenye mfumo wa Plan 9. Hoja yake ni kwamba mtu akisema rudi nyuma, anamaanisha rudi nilikotoka, si mzazi wa mahali ambapo kiungo kilimtupa. Ili hilo liwezekane, Plan 9 ilifanywa ikumbuke jina ambalo kila faili lililofunguliwa lilifikiwa kwalo. Huo ndio uaminifu ninaoupenda katika makala ile: hakusema tu kwamba maandishi yashinde, alibadilisha mfumo mzima ili maandishi yapate haki ya kushinda.

Miaka tisa baadaye, wazo hilo likaingia katika Go kupitia funksheni Clean. Inachukua njia, inaondoa mikwaju iliyorudiwa, inafuta kila jina linalofuatwa na doti-doti, na haigusi diski kabisa. Inasoma maandishi tu. Maelezo ya funksheni hiyo yanamrejesha msomaji kwenye makala ya 2000. Lakini Go haifanyi kazi juu ya Plan 9 peke yake. Juu ya Linux, penye viungo, jibu la Clean laweza kuwa Lindi wakati ardhi inasema Makina. Na kwa kuwa Join, funksheni ya kuunga njia, huiita Clean ndani yake, mtu anapata usafishaji huo hata pale ambapo hakuuomba. Toleo la 1 la Go lilipotoka Machi 2012, tayari kulikuwa na vifurushi viwili: path kwa majina ya mkwaju yasiyotegemea mashine, na path/filepath kwa mafaili ya mashine uliyokalia, iwe Windows au Linux. Kutenganisha hivyo viwili lilikuwa jambo la busara.

Tuwarudie vijana wetu na JOSM. Programu ile imeandikwa kwa Java, na Java ya mwaka 2009 ilikuwa bado na aina moja ya zamani, File, iliyokuwapo tangu toleo la kwanza la 1996. File ilibeba jina na wakati huohuo ikajifanya faili lenyewe. Ukiiambia ifute faili, ikishindwa inakujibu hapana, bila kusema sababu. Msaada wake kwa viungo ulikuwa hafifu. Julai 2011 Java 7 ilileta kifurushi java.nio.file, na humo aina mpya, Path. Kwangu mimi, usanifu huu ni wa kuheshimiwa kuliko mingi, kwa sababu ya funksheni mbili zilizowekwa jirani. Moja ni normalize: hukunja doti-doti kwa kusoma maandishi, na maelezo yake yanakuonya kwamba penye kiungo njia itakayotoka yaweza kuelekea faili jingine. Ya pili ni toRealPath: hii inatoka nje, inatembea, inafuata kila kiungo, na kama mahali hapapo inakuambia hapapo. Maandishi yamepewa funksheni yake na ardhi yake, na mwandishi wa programu analazimika kuchagua kwa jina. Hapati kisingizio.

Python ilichukua muda mrefu zaidi, na kwa mabishano. Tangu zamani ilikuwa na os.path, funksheni zinazopokea maandishi na kurudisha maandishi. Mwaka 2006 Björn Lindqvist alipendekeza aina ya Path ambayo ingekuwa aina ya maandishi na papo hapo kubeba kila kazi ya mafaili. Ilikataliwa. Mwaka 2012 Antoine Pitrou alirudi na pendekezo la pili, na likaingia katika Python 3.4, Machi 2014, kwa jina la pathlib. Ndani yake njia si maandishi. Imegawanywa mara mbili: njia tupu, ambayo hujua sarufi ya majina bila kugusa diski, na njia ya kweli, inayoweza kwenda kuangalia. Na pathlib hukataa kukunja doti-doti kwa maandishi, ukiandika Lindi/zahanati/.. inaiacha vilevile hadi uiambie itembee. Ni uamuzi kinyume cha Go. Halafu ikatokea usumbufu: njia si maandishi, basi funksheni za zamani ndani ya maktaba ileile zilizotaka maandishi zilizikataa njia hizo mpya. Ikabidi mwaka 2016 Brett Cannon na Koos Zevenhoven waandike makubaliano mengine ili open na wenzake wazipokee, na hilo likakamilika katika Python 3.6.

Kuna tofauti moja ndogo ambayo kila anayejifunza programu angepaswa kuonyeshwa mapema. Unga /kibera na /lindi, yote yakianza na mkwaju. Python itakujibu /lindi. Imeona njia ya pili inaanzia kwenye shina, ikaitupa ya kwanza. Go itakujibu /kibera/lindi. Imeichukua ya pili kama kipande cha kubandika. Ya Python inafuata mantiki ya mtu anayetembea: ukiwa Kibera ukaambiwa nenda /lindi, utaanza upya kwenye shina. Ya Go inalinda mtu asitoke nje ya uwanja wake kwa mkwaju mmoja wa mgeni. Nikiulizwa nichague kwa programu inayopokea majina kutoka kwa watu nisiowajua, nachagua ya Go. Lakini hata hiyo haitoshi, maana doti-doti za kutosha zitaruka ukuta wowote.

Kuruka ukuta kulitokea kweli. Juni 2018 kampuni ya usalama Snyk ilitangaza udhaifu iliouita Zip Slip. Mafaili yaliyofungwa pamoja katika zipu moja yalikuwa na majina yenye doti-doti ndani, na programu nyingi zilipoyafungua ziliunga jina na saraka ya kufungulia bila kuuliza chochote. Faili likatua nje kabisa, juu ya faili jingine la mfumo. Java iliathirika zaidi, kwa kuwa maktaba yake sanifu haikutoa funksheni moja ya kufungua zipu nzima. Kila mtu alijiandikia yake, na kila mtu akarudia kosa lilelile. Hapo ndipo gharama ya funksheni isiyokuwapo inapoonekana. Mtunzi wa maktaba asipoliandika jambo mara moja vizuri, litaandikwa vibaya mara elfu.

Tarehe 23 mwezi uliofuata, Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibera kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata. Nyumba, shule na makanisa vilibomolewa, na maelfu ya watu wakaachwa bila pa kulala. Baadhi ya vichochoro walivyovitembea wale vijana mwaka 2009 vilikuwa kwenye ramani asubuhi, na jioni havikuwapo ardhini. Hii ni aina nyingine ya kutofautiana, na ndiyo ngumu kuliko zote. Maandishi yalikuwa sahihi. Aliyekwenda kuangalia jana aliona sahihi. Lakini kati ya kuangalia na kufika, njia imeondoka. Katika programu hutokea kila siku: unauliza kama faili lipo, unajibiwa lipo, unalifungua, kumbe limeshahamishwa au mtu mwovu ameweka kiungo mahali pake. Hakuna funksheni ya kusafisha majina itakayolitibu. Dawa ni kushika saraka yenyewe mkononi, ikiwa imefunguliwa, na kushuka kutoka humo hatua kwa hatua bila kuachia. Go iliweka jambo hilo katika maktaba yake toleo la 1.24, Februari 2025, kwa jina os.Root: unaishika saraka moja, na kila jina unalolitaja baada ya hapo haliwezi kutoka nje yake, si kwa doti-doti wala kwa kiungo.

Nirudi Kawangware kwa jambo moja la ofisini. Karani anapotunza nakala za hatimiliki kwenye kompyuta, angependa faili liitwe kama ploti inavyoitwa. Hawezi. Akiandika Dagoretti/Riruta na nambari, mashine inaona saraka mbili na faili, si jina moja. Basi huandika kistari badala ya mkwaju, mwenzake anaweka nafasi, wa tatu anaunganisha maneno, na baada ya mwaka ploti moja ina mafaili matatu yasiyojuana. Ukiongeza Ng'ando, jirani ya Kawangware, ile alama ya ng' inavunja amri zilizoandikwa haraka na mtu asiyewahi kuona jina lenye ng'. Lugha zetu na karatasi zetu zina alama hizi kwa sababu, na funksheni za njia ziliandikwa na watu ambao mkwaju kwao haukuwa sehemu ya jina la shamba. Kijana wa Nairobi anayeandika programu ya ofisi ya ardhi analijua hili bila kufundishwa. Yeye ndiye anayefaa kuliandika.

Kuna sababu ya kusema hivyo. Sensa ya Agosti 2009 ilihesabu watu 170,070 katika Kibera, wakati makadirio yaliyokuwa yakirudiwa magazetini yalifika milioni moja. Maandishi yalikuwa yamejitungia mji mwingine. Watu wanaweza kuendelea kubishana juu ya hesabu ile, lakini ramani ya vijana 13 haikubishaniwa namna hiyo, maana yeyote mwenye shaka aliweza kuingia kichochoro na kuhakiki.

Ramani hiyo, iliyomo katika OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote aweza kuihariri, bado iko wazi kwa kila mtu, Kibera na Kawangware. Kama unaishi 56, au Gatina, au Laini Saba, na kichochoro chako hakimo, au kimo lakini kilishabomolewa, fungua simu yako, utembee, ukirekebishe.